Ugonjwa wa akili, familia na mila: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na ndugu wa wagonjwa, na mara chache na wagonjwa wenyewe. Majibu yanahusu zaidi Tanzania, bara na visiwani. Kenya imetajwa pale ambapo hospitali au sheria yake inahusika.

Kwa nini wagonjwa wengi hufikishwa hospitali wakiwa wamechelewa?

Si kwa sababu familia imekaa bure. Mara nyingi imehangaika miezi mingi na imeshauza mbuzi au kiwanja. Kijana anaanza kukosa usingizi, anaongea peke yake, anaacha shule au biashara. Nyumbani wanasema ni mawazo, ni bangi, ameachwa na mchumba. Yakizidi, bibi anasema hiki si kitu cha bure. Anaitwa shekhe amsomee, au mchungaji aje kuombea, au mgonjwa anapelekwa kwa mganga. Asipopona anapelekwa kwa mganga wa mbali zaidi, asiyewajua majirani. Hospitali inakuja pale fedha zinapokwisha, au mgonjwa anapompiga mtu na mjumbe kuitwa.

Kila hatua ina mantiki yake. Mtu anayedhaniwa karogwa, katupiwa jini, kapatwa na mizimu au laana ya mzazi, haonekani kuwa na sababu ya kwenda kupimwa damu. Ndivyo ilivyokuwa, na pengine bado ndivyo ilivyo, kwa degedege la watoto: homa hujulikana kuwa ya hospitali, lakini mtoto akishaanza kukakamaa na kugeuza macho anakimbizwa kwa mganga, tena kwa kuamini kwamba sindano itamuua. Ugonjwa ni uleule wa malaria, ila dalili moja imehesabiwa upande mwingine.

Sababu ya pili ni umbali. Hospitali ya Lutindi, kwenye milima ya Usambara mkoani Tanga, ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1904, na Mirembe ya Dodoma ilianzishwa 1927. Kwa miongo mingi kumtibu mgonjwa wa akili kulimaanisha kumsafirisha mikoa kadhaa na kumwacha huko. Ndiyo maana jina Mirembe limekuwa tusi la mitaani, kama Mathari, jina la hospitali ya wagonjwa wa akili, lilivyo Nairobi. Siku hizi kliniki za afya ya akili zipo katika hospitali za rufaa za mikoa na katika hospitali nyingi za wilaya, lakini habari hiyo haijawafikia wazee wengi, na wanapokataa hospitali mara nyingi wanachokataa ni ile safari ya zamani.

Nani hasa huamua mgonjwa apelekwe wapi?

Mara chache ni mgonjwa. Na si lazima awe yule anayelala naye chumba kimoja, anayejua hali yake kuliko wote. Mwenye neno la mwisho huwa baba mkubwa, mjomba, bibi, kaka anayetoa fedha, au mume na upande wake. Mtoa huduma anayemweleza mke kila kitu na kumwacha shemeji nje ya mlango atashangaa dawa zimetupwa baada ya wiki.

Kwa hiyo kabla ya kumshawishi mgonjwa, jiulizeni: akipinga nani, hakuna kitakachofanyika? Huyo ndiye wa kuanza naye. Msimkabili kwenye kikao cha watu kumi, kwa sababu mzee akishasema hapana mbele za watu hawezi kurudi nyuma bila kuvunjiwa heshima. Mfuateni nyumbani kwake, mtu mmoja au wawili, mmoja wenu awe anayempenda. Ombeni ruhusa, msitoe taarifa. Maneno kama haya hufanya kazi: “Shikamoo baba mkubwa. Tumekuja kukuomba utuongoze. Mtoto leo usiku wa nne hajalala na chakula hagusi. Kisomo kinaendelea kama ulivyosema. Tunaomba na hospitali wamwangalie, wampime damu, tujue kama kuna maradhi mengine.”

Angalieni yaliyomo humo. Hakuna neno wazimu wala kichaa. Imani yake haijapingwa. Kumetajwa mambo mawili ambayo hayabishaniwi, usingizi na chakula. Na uamuzi umebaki mkononi mwake. Mzee asiyekubali “ugonjwa wa akili” hukubali bila shida kwamba mtu asiyelala siku nne anahitaji dawa ya usingizi, na mlango wa kliniki ni uleule.

Mwambao kuna watu wengine wenye sauti ambao husahauliwa. Somo aliyemfunda bibi harusi anaweza kuambiwa mambo ambayo mama mzazi hayasikii. Imamu wa msikiti wa mtaa, mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo, sheha kwa Zanzibar: mmoja wao akikubali kufuatana nanyi hadi kliniki, nusu ya upinzani wa ukoo huisha.

Mgonjwa hasemi ana huzuni. Tutajuaje kama ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni?

Watu wengi hawaji na huzuni, wanakuja na mwili. Husema kichwa kinawaka moto, moyo unaenda mbio, kuna kitu kinatembea mwilini, ganzi, mgongo, tumbo limejaa, nguvu zimekwisha. Au wanasema tu “nina mawazo mengi”. Wanapimwa malaria, wanapewa dawa za maumivu, wanarudi mwezi ujao na lalamiko lilelile.

Maumivu hayo ni ya kweli, na mgonjwa akiambiwa “huna ugonjwa, ni mawazo tu” harudi tena. Muulizeni mambo manne. Usingizi ukoje, hasa, anaamka alfajiri mapema na kushindwa kurudia? Chakula? Yale aliyoyapenda, kama mpira, kwaya, vikao vya baraza, bado anayataka? Na je, hufika mahali akaona heri asingekuwepo? Hali ikiwa imedumu wiki 2 au zaidi, karibu kila siku, na kazi za kawaida zimemshinda, aonwe na mtaalamu.

Wanaume ndio wagumu zaidi kutambulika, kwa kuwa kwao sonona hujitokeza kama hasira, pombe, kukwepa nyumbani na madeni. Ukimwambia mwanaume twende ukapimwe akili amekwisha kukataa. Mwambie twende ukapime presha, maana hulali, na ukifika mweleze daktari pembeni yale mengine.

Tuache kisomo, maombi au mganga?

Hapana, si sharti. Familia inayolazimishwa kuchagua huchagua ile njia inayoijua, na hospitali inabaki bila mgonjwa. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2003 ulikuta karibu nusu ya watu waliokwenda kwa waganga wa jadi walikuwa na matatizo ya kawaida ya akili kama sonona na wasiwasi, wakati kwenye zahanati na vituo vya afya walikuwa karibu robo. Waganga, kwa maneno mengine, tayari wanawahudumia wagonjwa hao. Huko Ghana na Nigeria, jaribio lililochapishwa mwaka 2020 liliwaunganisha waganga na viongozi wa maombi na watumishi wa afya ya msingi kuwahudumia pamoja wagonjwa wa psikosisi (wanaosikia sauti au kuamini mambo yasiyokuwepo), na baada ya miezi 6 wagonjwa hao walikuwa na nafuu kubwa kuliko walioendelea na utaratibu wa kawaida.

Nguvu ya kisomo na maombi inajulikana: mgonjwa anashikwa mkono, ukoo unakusanyika, ugomvi wa ndugu unasuluhishwa, mtu anaambiwa kwamba si yeye mbaya. Kliniki ya dakika kumi haiwezi kutoa hayo. Kwa mtu mwenye huzuni, hofu au msiba, hiyo peke yake huwa ni nusu ya tiba. Kwa mtu anayesikia sauti, mwenye ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, au mwenye kifafa, haitoshi.

Kwa hiyo sharti letu ni moja tu, nalo ni gumu: dawa za hospitali zisikatishwe. Hapa ndipo panapoharibika. Mganga husema dawa zangu hazichanganyiki na za kizungu, au kwenye maombi husemwa ukimeza vidonge umeonyesha huna imani. Mwenye kifafa akikatisha dawa ghafla anaweza kupata degedege linalofuatana bila kupumzika, na hilo huua. Ikiwa mganga anasisitiza, muulizeni kama atakubali mgonjwa ameze usiku na yeye atibu mchana. Wengi hukubali. Asiyekubali, tafuteni mwingine, tena aliyesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002.

Sasa, katika tiba zenyewe tutofautishe. Kombe lililoandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwa maji safi, dua, maji ya baraka, ubani: havina madhara, ingawa mwenye pumu asifungiwe kwenye moshi. Chale ni hatari kama wembe umetumika kwa mwingine. Dawa za kunywa zisizojulikana zinaweza kugombana na vidonge au kuumiza ini na figo, basi mwambieni daktari jina lake au mpelekeeni majani. Kufungishwa siku nyingi bila maji, kupigwa ili jini litoke, kutiwa pilipili au dawa kali puani na machoni, kufungwa minyororo: mgonjwa aondolewe hapo siku hiyohiyo, hata kama fedha zimeshalipwa.

Ni hali gani zisizosubiri kikao cha familia?

Mtu aliyechanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, huku ana homa, shingo ngumu, kichwa kikali, au fahamu zinakuja na kupotea. Hiyo si ya kliniki ya akili kwanza. Inaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, sukari iliyoshuka, maambukizi yanayoambatana na VVU, au kichaa cha mbwa ikiwa aling'atwa miezi iliyopita na sasa anaogopa maji. Mpelekeni kituo chochote kilicho wazi na ombeni apimwe sukari na malaria papo hapo.

Pia: anayesema atajiua na ana njia ya kufanya hivyo, anayetaka kumdhuru mtu kwa kuamriwa na sauti, asiyekula wala kunywa, aliyeacha pombe ghafla baada ya miaka ya kunywa kila siku na sasa anatetemeka, anaona wadudu, na mama aliyejifungua karibuni akachanganyikiwa.

Mama amejifungua wiki iliyopita, halali, anasema mtoto si wake. Wakwe wanasema ameharibiwa na watu.

Huu ni wazimu wa uzazi na ni dharura. Huanza mara nyingi ndani ya wiki 2 za mwanzo, hubadilika kwa saa, asubuhi yuko sawa na jioni hajijui. Hatari ni kwake na kwa mtoto. Asiachwe peke yake na mtoto hata dakika tano, na aende hospitali leo, si baada ya arobaini. Kwenye arobaini kuna faida: kuna wanawake wengi nyumbani, na mmoja wao anaweza kuwa zamu ya kumshika mtoto. Tumieni hilo. Wengi wakitibiwa mapema hupona kabisa, ila mimba inayofuata lazima daktari ajue tangu mwanzo, kwa sababu hali hii hupenda kurudi.

Kulia na kununa siku ya tatu au ya nne baada ya kujifungua, kisha kutulia ndani ya wiki mbili, ni kawaida. Huzuni inayozidi wiki 2 si kawaida, na maneno kama “mama mvivu” au “amebemenda mtoto” huifanya ijifiche.

Tukienda kliniki tubebe nini, na tutaulizwa nini?

Aende mtu anayelala nyumba moja na mgonjwa, si yule mwenye gari tu. Bebeni vidonge vyote alivyopewa kokote pamoja na pakiti zake, dawa za mitishamba, kadi au daftari la kliniki, na karatasi yenye mambo haya: dalili ya kwanza ilionekana lini, analala saa ngapi, anakula nini, anatumia bangi, pombe, mirungi au unga, amewahi kuanguka kifafa au kuumia kichwa, na nani mwingine kwenye ukoo aliwahi kuugua. Waelezeni pia kwamba amekwenda kwa mganga, na wala msione haya, kwa sababu daktari asiyejua anaweza kudhani madhara ya dawa ya mitishamba ni dalili ya ugonjwa.

Ombeni mgonjwa aonwe peke yake kwa muda kidogo. Mke hawezi kueleza kipigo mbele ya mume, wala binti hawezi kumtaja mjomba wakati mjomba amekaa kwenye kiti cha pili. Kwa upande wake mtoa huduma asimwage ya mgonjwa mbele ya ukoo mzima. Amuulize kwanza: niwaambie nini, na nini kibaki kwetu?

Ngazi za kuanzia ni zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, kisha ya rufaa ya mkoa. Juu yake kuna Mirembe, na kwa Dar es Salaam kuna idara ya akili ya Muhimbili. Zanzibar ni hospitali ya Kidongo Chekundu. Anayeshindwa gharama aulizie msamaha katika ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali hiyohiyo kabla ya kuondoka, maana magonjwa ya akili yamo kwenye msamaha wa magonjwa sugu. Vidonge visipokuwepo dirishani, ulizeni jina la dawa mbadala iliyopo na arudi kwa daktari aandike hiyo. Msiondoke mikono mitupu mkingojea mwezi ujao.

Amechomwa sindano, usiku shingo ikapinda na ulimi ukatoka. Wazee wanasema jini limekasirishwa.

Hili ndilo linalowarudisha wagonjwa kwa mganga kuliko jingine lolote, kwa hiyo lifahamuni vizuri. Haloperidoli, dawa ya kutuliza psikosisi, na dawa za jamii yake, hasa kwa vijana wa kiume na hasa siku chache za mwanzo, zinaweza kukaza misuli ghafla. Kichwa kinavutwa upande mmoja, taya linajifunga, ulimi unajitokeza, macho yanapanda juu hadi unaona weupe tu. Mgonjwa ana fahamu zake zote, anasikia, anaogopa mno. Ukikaa pembeni unaona kabisa sura ya mtu aliyepandwa na pepo.

Ni madhara ya dawa na yanatibika. Arudishwe hospitali usiku uleule, achomwe dawa ya kulegeza misuli kama promethazini, na kwa kawaida shingo hunyooka ndani ya nusu saa hivi. Akiwa anashindwa kumeza au kupumua, msisubiri kuche. Baada ya hapo daktari hupunguza dozi, hubadilisha dawa au huongeza vidonge vya Artane, vya kuzuia kukaza huko. Mtoa huduma anayeandika haloperidoli bila kuwaambia ndugu habari hii mapema amewaachia wazee waieleze wenyewe, nao wataieleza kwa wanayoyajua.

Madhara mengine husomwa vibaya pia. Mgonjwa anayeshindwa kukaa, anatembea huku na huko, miguu haitulii, huonekana wazimu umeongezeka, kumbe ni dawa. Mwanaume anaweza kuishiwa nguvu za kiume na akaacha vidonge bila kumwambia mtu. Aulizwe na mwanaume mwenzake, faraghani. Homa kali pamoja na mwili kukakamaa kama ubao na kuchanganyikiwa ni dharura: simamisheni dawa na mkimbizeni hospitali.

Amepona. Kwa nini aendelee kumeza?

Kwa sababu nafuu imeletwa na vidonge hivyo. Kwa tukio la kwanza la psikosisi, dawa huendelea angalau miezi 12 baada ya dalili kuisha. Kwa sonona ni miezi 9 hadi 12 baada ya kupata nafuu. Dawa za sonona zenyewe huchukua wiki 2 hadi 6 kuonyesha kazi, na wengi huziacha wiki ya kwanza, wakati kinywa kinakauka na faida haijaonekana. Kuacha kufanywe na daktari, kidogo kidogo.

Kuna maana ya kijamii ndani ya swali hili. Kwa mila zetu kupona ni kuisha: tambiko limefanywa, kuku amechinjwa, jambo limefungwa. Kidonge cha kila siku kinasema bado kuna kitu. Husaidia kuwakumbusha wazee kwamba bibi mwenyewe anameza dawa ya presha kila asubuhi na hakuna anayesema hajapona. Kwa anayechoka kumeza au anayeficha vidonge chini ya ulimi, ulizieni flufenazini, ambayo wengi huiita sindano ya mwezi.

Ramadhani inakaribia. Afunge?

Mgonjwa ana ruhusa ya kidini ya kutofunga, na imamu wa mtaa anaweza kumweleza hivyo kwa maneno yatakayompa amani. Wengine walio imara hufunga bila shida, ila mipango ianze wiki kadhaa kabla. Dozi moja ya kutwa inaweza kuhamia futari. Dozi mbili huwa futari na daku. Anayetumia lithiamu, dawa ya ugonjwa wa kupanda na kushuka, asifunge bila idhini ya daktari, kwa sababu upungufu wa maji huipandisha kwenye damu hadi kuwa sumu. Na kwa mwenye ugonjwa wa kupanda na kushuka, hatari kubwa huenda isiwe njaa bali usingizi: kukesha usiku kucha kunaweza kuuamsha ugonjwa. Akiswali tarawehe, kisha alale.

Hayo yanahusu pia mikesha ya maombi na mifungo ya siku nyingi makanisani.

Anapiga watu na anatoroka. Tumfunge kamba?

Familia haifungi kwa chuki. Inafunga kwa sababu mama amechoka, barabara iko karibu, na kijana aliwahi kupotea siku nyingi. Hata hivyo kamba hukata ngozi, vidonda huoza, mkono hufa ganzi, nyumba ikishika moto hawezi kukimbia, na ndani ya akili yake wale wanaomsema vibaya wamepata uthibitisho. Kamba pia haitibu. Ghana, katika kambi moja ya maombi, wagonjwa waliopewa dawa walipungua dalili kuliko wenzao, lakini siku za kukaa kwenye minyororo hazikupungua: watu waliendelea kufungwa kwa mazoea hata hali ilipokuwa nzuri.

Badala yake: ondoeni mapanga, visu, kuni na watoto. Aongee naye mtu mmoja tu, anayempenda, kwa sauti ya chini, akiwa amekaa upande na si mbele yake, mlango ukiwa wazi. Msibishane na sauti anazosikia. Piteni kwa mtendaji, sheha au polisi kuomba msaada wa kumfikisha hospitali. Sheria ya Afya ya Akili ya Tanzania ya mwaka 2008 inatambua kulazwa kwa hiari na kulazwa bila hiari, na ndugu ni miongoni mwa wanaoweza kuanzisha ombi. Kama kwenye gari lazima ashikwe, washike watu wanne au watano, kila mmoja kiungo kimoja, asilazwe kifudifudi, na asikaliwe kifuani.

Tukisema, binti zetu wataolewa?

Hofu hii haitokani na ujinga. Wanaoposa huulizia ukoo, na neno wazimu huvunja posa. Ndiyo maana mgonjwa hufungiwa chumba cha nyuma. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na anayefichwa bila dawa ndiye atakayetoka nje uchi siku ya harusi.

Kwa hesabu: skizofrenia, ugonjwa wa psikosisi wa muda mrefu, humpata takriban mtu 1 kati ya 100 maishani. Mwenye mzazi mmoja au ndugu wa tumbo moja anayeugua, hatari ni kama 1 kati ya 10, maana yake 9 kati ya 10 hawapati. Kuhusu siri, si lazima mtaa ujue. Watu wawili au watatu wanaomsaidia mgonjwa wanatosha. Lakini mchumba wa mgonjwa mwenyewe aambiwe kabla ya ndoa, akiwa kwenye nafuu, na ikiwezekana aende naye kliniki mara moja amwulize daktari. Siri inayogunduliwa kwenye droo ya vidonge mwezi wa pili ndiyo inayoleta talaka.

Ndugu walio nje wanatuma fedha na wanataka aende kwa mganga fulani.

Aliye Muscat, London au Minnesota ana kauli kwa sababu ya mchango wake, lakini taarifa zake ni za simu ya dakika tano. Mpigeni picha kadi ya kliniki, mwambieni jina la ugonjwa, dawa na tarehe ya kurudi. Mwombeni alipe vitu vinavyoonekana: nauli ya kila mwezi, dawa zinapokosekana dirishani, chakula cha mlezi. Donge moja kubwa huishia kwenye tiba moja kubwa.

Amekunywa sumu akaokolewa. Tunaogopa polisi, na tunaona aibu.

Hospitali kwanza, matibabu ya dharura hayasubiri karatasi. Msimtapishe, msimpe maziwa wala mafuta. Chukueni chupa au pakiti ya sumu muende nayo, na kama nguo zimelowa dawa ya mimea zivueni na muoshe ngozi. Hata akionekana mzima, apelekwe.

Kwa sheria ya Tanzania kujaribu kujiua bado ni kosa, na hilo huwafanya wengi waseme “alikosea chupa”. Mwambieni daktari ukweli hata hivyo, kwa sababu tiba ya aliyekosea na ya aliyekusudia hazifanani. Kenya, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichokuwa kinafanya jambo hilo kuwa kosa, ni kinyume cha Katiba.

Nyumbani, msimhutubie kuhusu dhambi wala kumuuliza “umetufanyia nini”. Muulizeni waziwazi kama bado anawaza kufa. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Dawa za kuulia wadudu zitoke nyumbani, zikafungiwe kwa jirani au ghalani, na vidonge vyake vishikwe na mtu mwingine, apewe vya siku moja moja. Majuma ya kwanza baada ya kutoka wodini ndiyo ya hatari zaidi, basi pangeni zamu ya nani analala naye. Kwa mtoto Tanzania kuna simu 116 isiyotozwa. Kwa dharura piga 112.

Mlezi amechoka. Nani anamwangalia yeye?

Karibu kila mara mlezi ni mwanamke mmoja: mama, dada asiyeolewa, mke. Anakosa usingizi, anaacha genge lake, na siku yakiharibika analaumiwa yeye. Ukoo ukikaa kikao, uandike kwenye karatasi majina na siku: nani anampeleka kliniki, nani anachukua vidonge, nani analala pale Jumamosi na Jumapili ili mlezi aende kwao. Na mlezi naye aulizwe yale maswali manne ya usingizi, chakula, yale anayoyapenda na kuchoka na uhai, akiwa peke yake, bila mgonjwa kuwa karibu.